Kabla ya Swali la Ngidi

John William Colenso, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Natal, anakumbukwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kitabu chake juu ya vitabu vya Musa na Yoshua, kilichoanza kutoka mwaka 1862 na kumfanya aitwe mzushi kuanzia Cape Town hadi London. La pili ni jina alilopewa na Wazulu, Sobantu, baba wa watu, kwa sababu alisimama upande wa chifu Langalibalele na baadaye mfalme Cetshwayo wakati walowezi wenzake walikuwa wanashangilia kuanguka kwao. Wanaosimulia maisha yake huanzia hapo, kisha hurudi nyuma mbiombio: alizaliwa Cornwall, akasoma Cambridge, akawekwa wakfu. Mimi hiyo miaka thelathini na tisa ya kabla ya uaskofu ndiyo inayonivuta. Naona majibu mengi yamo humo, na si yale yanayotolewa kila siku.

Alizaliwa tarehe 24 Januari 1814 katika mji wa St Austell, kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza, mahali ambapo watu waliishi kwa kuchimba bati, shaba na udongo mweupe wa kufinyangia vyombo. Baba yake, ambaye naye aliitwa John William, alikuwa wakala wa madini wa Duchy of Cornwall, yaani milki ya mrithi wa kiti cha ufalme. Ilikuwa kazi ya heshima isiyo na utajiri. Mzee huyu hatajwi sana, nami naona anaonewa. Mwishoni mwa miaka ya 1820 aliandika maelezo ya machimbo ya bati ya Happy Union, kwenye bonde la Pentewan lililo jirani na St Austell. Alieleza ardhi tabaka kwa tabaka. Chini kabisa kokoto zenye madini. Juu ya kokoto, visiki vya miti ambavyo mizizi yake ilikuwa bado imeshika mahali ilipoota. Juu ya visiki, matope na mchanga wa bahari, safu baada ya safu. Yaani pale palipokuwa na msitu, bahari iliingia ikakaa, na haikuja siku moja. Chama cha wanajiolojia wa Cornwall kilichapisha maelezo hayo. Mtoto wa nyumba hiyo alikuwa anaingia utu uzima na mazungumzo ya namna hiyo yakiwa mezani.

Kisha bahari ikawageukia wenyewe. Mgodi ambao baba alikuwa ameweka fedha zake ulivamiwa na maji, na fedha zikazama humo. Kijana aliyekuwa anategemewa kusoma akajikuta, akiwa na miaka kama kumi na saba, anafanya kazi ya mwalimu msaidizi katika shule ya wavulana huko Dartmouth, mji wa bandari katika jimbo la jirani la Devon.

Nataka nikae kidogo hapa Dartmouth, maana wengi hupapita kwa sentensi moja. Mwalimu msaidizi katika shule ya Kiingereza ya siku zile alikuwa mtu wa katikati: watumishi hawakumhesabu kuwa mwenzao, na mabwana hawakumhesabu kuwa bwana. Ada ililipwa kwa mwenye shule, yeye alipewa kilichobaki. Kazi yake ilikuwa kusikiliza masomo yakikaririwa, kusahihisha, kunyamazisha kelele, na kuulizwa maswali na watoto ambao baba zao walikuwa na uwezo kuliko baba yake. Mtoto wa namna hiyo haogopi mwalimu msaidizi. Akiona jibu limelegea, atalivuta hadi likatike. Mwalimu mkuu anaweza kukohoa na kubadilisha mada, na hakuna wa kumrudisha. Msaidizi hana kikohozi hicho. Ama anajua, ama anakwenda usiku kutafuta, arudi kesho na jibu.

Kwa akiba yake na msaada wa ndugu aliingia St John's College, Cambridge, mwaka 1832. Aliingia katika daraja la wanafunzi wa ruzuku, wale waliopunguziwa gharama kwa sababu ya ufukara. Zamani wanafunzi wa daraja hilo waliwahudumia mezani wenzao matajiri na kula makombo. Hadi wakati wa Colenso utumishi huo ulikuwa umekwisha, lakini kila mtu chuoni aliendelea kujua nani yuko daraja gani. Mtu aliyeingia kwa mlango huo alikuwa na njia moja tu ya kupanda, nayo ilikuwa mtihani wa hisabati.

Cambridge ya wakati ule ilikuwa imejifunga na hisabati kiasi ambacho leo ni vigumu kuamini. Aliyetaka shahada ya heshima, hata kama nia yake ilikuwa kuwa mwanasheria au mchungaji, alipimwa kwanza kwa jiometri, aljebra na mekanika ya Newton. Mtihani ulifanywa Januari, katika ukumbi wenye baridi kali, na majina yakapangwa kwa mfululizo, wa kwanza hadi wa mwisho. Aliyeshika nafasi za juu alikuwa ameshinda maisha: ufelo, posho, na baadaye parokia nzuri au jimbo. Mwaka 1836 Archibald Smith, kijana kutoka Scotland, alishika namba moja. Namba mbili alikuwa Colenso. Mwaka uliofuata alichaguliwa felo wa chuo chake.

Teolojia je? Humo ndimo kuna kichekesho. Mtu aliyekuja kutikisa dhehebu zima kwa ufafanuzi wa Biblia hakupita chuo chochote cha kuwaandaa makasisi. Alipewa daraja takatifu mwaka 1839, kama mafelo wengi, kwa kuwa kanuni za chuo ndivyo zilivyotaka. Kiebrania cha kusomea wataalamu alikuja kukikazania akiwa Natal, umri ukiwa umekwenda, kwa vitabu vilivyoletwa kwa meli.

Mwaka huohuo wa 1839 alikwenda kufundisha hisabati Harrow, shule ya wana wa wakubwa. Angeweza kudhani ametoka kwenye shida, kumbe ndiyo kwanza anaingia. Shule ilikuwa imeporomoka, wanafunzi wakawa wachache kuliko alivyotarajia, na kwa mpango wa shule zile mwalimu mwenye nyumba ya bweni aliishi kwa ada za wavulana waliokaa kwake. Juu ya hayo moto ukateketeza sehemu kubwa ya mali yake. Mwaka 1842 alirudi Cambridge akiwa na madeni ya kutisha.

Dawa ya deni ni kulipa, na alichokuwa nacho cha kulipia ni hesabu. Alifundisha wanafunzi wa binafsi kutwa, na usiku akaandika vitabu vya kiada. Kitabu cha aljebra kilikuwa kimetoka mwaka 1841, cha hesabu kikafuata mwaka 1843. Hicho cha pili kilienea katika shule za Uingereza na kuvuka hadi makoloni, kikachapishwa tena na tena kwa miongo kadhaa. Kwa mapato ya vitabu na ufundishaji alilipa alichodaiwa.

Aliyepata kusoma shule za zamani anazijua hesabu za aina hiyo hata kama jina la Colenso hajawahi kulisikia. Yadi saba za kitambaa zinauzwa shilingi ishirini na moja, je, yadi kumi na mbili ni shilingi ngapi? Watu kadhaa wanachimba mtaro kwa siku kadhaa, je, wakiongezwa wengine watamaliza lini? Ni kanuni ya tatu: vitu vitatu unavyo, cha nne unakitafuta. Haimwombi mtoto awe na akili ya ajabu. Inamtaka achukue maneno ya kawaida, ya dukani na ya shambani, aone ndani yake mna idadi, na aulize kama idadi hizo zinakubaliana. Mtu akiandika maelfu ya maswali ya namna hiyo, na kila moja akalitafutia jibu la kuweka nyuma ya kitabu, mazoea hayo hayamwachi. Akisikia kwamba watu fulani walipiga kambi mahali fulani, kabla hajashangaa atataka kujua walikuwa wangapi, uwanja ulikuwa na upana gani, na maji waliyapata wapi.

Mwaka 1846 alimwoa Sarah Frances Bunyon. Felo aliyeoa alipoteza ufelo, basi wakahamia parokia ya Forncett St Mary, Norfolk, kijijini hasa. Miaka saba ya huko naipita upesi, ila jambo moja: kupitia mke wake alimfahamu F. D. Maurice, mwanateolojia aliyefukuzwa King's College, London, mwaka 1853 kwa kutokubali mafundisho ya kawaida juu ya adhabu ya milele. Mwaka huohuo Colenso alitoa kitabu cha mahubiri ya kijijini na kukiweka wakfu kwa Maurice. Hakuchagua siku nzuri. Robert Gray, Askofu wa Cape Town, alikuwa ameshampendekeza kwa dayosisi mpya ya Natal, na magazeti ya kidini yakapiga kelele. Aliwekwa wakfu hata hivyo, tarehe 30 Novemba 1853.

Maelezo ya kawaida ya yaliyofuata ni mepesi. Colenso alikuwa mwanahisabati, wanasema, akaisoma Biblia kama daftari la mahesabu, akapotea. Matthew Arnold, mshairi na mhakiki, alimcheka kwa hoja ya namna hiyo mwaka 1863. Nitakiri kwamba Arnold ana nusu ya haki. Mtu anayepima Torati kwa rula ana mengi asiyoyasikia, na walikuwepo wasomaji wa kale, Wayahudi na Wakristo, waliojua kwamba maandiko yana sauti zaidi ya moja.

Hata hivyo maelezo hayo yana tundu, na tundu lenyewe lina jina: Charles Frederick Mackenzie. Huyu alikuwa arkidikoni wa Natal chini ya Colenso tangu mwaka 1855. Naye alitoka Cambridge. Naye katika mtihani uleule wa hisabati alishika namba mbili, mwaka 1848. Koloni moja changa ilikuwa na askofu na arkidikoni ambao wote walikuwa wamepikwa katika chungu kimoja. Mackenzie alikuwa mtu mwema, shupavu, aliyetaka Wakristo weusi wawe na sauti sawa na walowezi katika baraza la kanisa. Baadaye aliongoza kundi la kwanza la Misheni ya Vyuo Vikuu kwenda Mto Shire, akafa huko kwa homa mwanzoni mwa 1862, na misheni hiyohiyo ndiyo iliyohamia Unguja mwaka 1864. Lakini hesabu za Torati hazikumkosesha usingizi. Wala hazikumkosesha Harvey Goodwin, namba mbili wa mwaka 1840, aliyekuja kuwa Askofu wa Carlisle kwa amani kabisa. Kama hisabati ndiyo iliyozaa uzushi, mbona ilizaa mmoja tu?

Mimi nairudia Dartmouth. Mackenzie alizaliwa katika familia ya wenye ardhi huko Scotland. Hakuna mtoto aliyepata kumbana na swali huku mshahara wake ukitegemea jibu. Colenso alikuwa amefundisha akiwa chini, na mazoea ya kumjibu anayeuliza, awe nani, yalikuwa yamemwingia kabla hajajifunza ukubwa.

Tazama alivyoishi Natal. Alifungua shule ya Ekukhanyeni karibu na Pietermaritzburg, kwenye makazi yake ya Bishopstowe. Haikuwa shule isiyo na doa: sehemu ya nia ya serikali ilikuwa kuwachukua wana wa machifu na kuwalea katika utii kwa Uingereza, na Colenso aliushiriki mpango huo bila kinyongo, akiamini haki ya Kiingereza kupita kiasi. Lakini katika chumba cha kazi mambo yalipinduka. William Ngidi, aliyemsaidia kutafsiri, alikuwa mwalimu wake wa Kizulu. Kamusi kubwa ya mwaka 1861, sarufi, tafsiri za maandiko, vyote vilitoka katika saa ndefu ambazo askofu aliuliza na Ngidi akajibu. Walipokwenda kwa mfalme Mpande mwaka 1859, Ngidi na vijana wawili, Magema Fuze na Ndiyane, waliandika masimulizi yao ya safari kwa Kizulu, na masimulizi hayo yakachapishwa. Magema alifundishwa uchapaji palepale shuleni. Pengine damu ilikuwa na la kusema hapo: binamu wa askofu, William Colenso, alikuwa mchapaji wa misheni New Zealand, na ndiye aliyechapa Agano Jipya kwa Kimaori mwaka 1837.

Siku askofu na Ngidi walipofika kwenye gharika katika tafsiri yao, zamu ya kuuliza ikawa ya Ngidi. Je, haya ni kweli? Wanyama wote, wakubwa kwa wadogo, wa nchi za joto na za baridi, walikuja wawili wawili wakaingia safinani? Na Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata wanyama na ndege wanaokula nyama?

Colenso mwenyewe ameeleza kilichompata. Alikuwa ameshasoma jiolojia ya kutosha kujua kwamba gharika ya dunia nzima haingewezekana kama ilivyosimuliwa, na mbele ya mtu huyu hakuthubutu kusema asichokiamini. Mahali pengine, walipotafsiri sheria ya kitabu cha Kutoka juu ya bwana anayempiga mtumwa wake, na adhabu kumwepuka bwana huyo mtumwa akiishi siku moja au mbili kwa kuwa mtumwa ni mali yake, Ngidi alikataa kwa uchungu kwamba Mungu wa rehema angeweza kunena hivyo. Askofu mwingine angejibu kwamba ni siri ya imani, tuendelee na mstari unaofuata. Walikuwapo wengi wenye kikohozi hicho, na wengine walikuwa wanateolojia hodari kuliko yeye.

Alichofanya ni kwenda kutafuta. Akashusha kutoka Ulaya vitabu vya Wajerumani, akakaa na Torati, na humo mwandishi wa kitabu cha hesabu akajikuta nyumbani. Chukua mfano mmoja. Kitabu cha Hesabu kinasema wanaume wa vita walikuwa 603,550. Ukiwaongeza wavulana, wanaume wote hawatapungua laki tisa. Sura ya tatu inasema wazaliwa wa kwanza wa kiume walikuwa 22,273. Gawanya. Kila mzaliwa wa kwanza anakuwa na ndugu wa kiume wapatao arobaini, na mabinti bado hatujawagusa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni, na ndiyo maana iliwauma wakubwa. Kama hoja ingekuwa ya Kigiriki na Kiebrania, ingebaki kwa wataalamu wakazozana nayo kimyakimya. Hii ilieleweka na muuza duka.

Kilichofuata kinajulikana. Gray alimhukumu Cape Town mwishoni mwa 1863 na kumvua uaskofu, Colenso akakataa mamlaka yake, na mwaka 1865 Baraza la Faragha la London likaamua kwamba Gray hakuwa na uwezo huo kisheria. Mkutano wa kwanza wa maaskofu wa Lambeth, mwaka 1867, uliitishwa kwa sehemu kubwa kwa ajili ya rabsha hiyo. Wenye mizaha London walitunga vibwagizo juu ya askofu aliyekwenda kuwaongoa Wazulu, Mzulu akamwongoa yeye. Waliona hiyo ni aibu. Jina la Ngidi katika masimulizi yao halikuwa na maana yoyote. Alikuwa "Mzulu" tu, kama vile swali lake lilitoka kwenye kichaka.

Elimu ile ya ujanani ilifanya kazi mara nyingine, na safari hii ndiyo ninayoihesabu kuwa kubwa zaidi. Mwaka 1873 Langalibalele, chifu wa Wahlubi, alitofautiana na serikali ya Natal juu ya kuandikisha bunduki za vijana wake, akakimbia, akakamatwa, akahukumiwa na mahakama ambayo gavana mwenyewe, Benjamin Pine, alikuwa hakimu, na mtuhumiwa hakuwa na wakili wa kuwahoji mashahidi. Akapelekwa Robben Island. Colenso mwanzoni aliiamini serikali, tena rafiki yake mpenzi Theophilus Shepstone ndiye aliyekuwa katibu wa mambo ya Waafrika. Kisha watu wakaanza kuja Bishopstowe na maelezo yasiyolingana na yale ya mahakamani. Akayapokea, akayaandika, akayaweka ubavuni mwa ushahidi rasmi, mstari kwa mstari, akiuliza lilelile: je, haya yanakubaliana? Hayakukubaliana. Mwaka 1874 aliyachukua hadi London, akayaweka mbele ya waziri wa makoloni, Lord Carnarvon. Pine aliitwa nyumbani. Urafiki na Shepstone ukafa hapo.

Walowezi wa Natal walikuwa wamemuunga mkono kwa miaka kumi dhidi ya Gray. Waliendelea kujaa kanisani kwake Pietermaritzburg, baadhi yao wakifurahia kuwa na askofu aliyewakorofisha wakubwa wa Cape Town. Kwamba wana wa Israeli hawakuwa milioni mbili jangwani, hilo liliwapita bila kuwagusa mfukoni. Lakini alipowaambia kwamba ushahidi dhidi ya chifu mmoja mweusi haujumliki, walitoka mmoja mmoja na kumwachia viti.